Darasa Lenye Mkeka Katikati

Kwenye mwalo wa wavuvi wa Nyarufunjo, pale mitumbwi inapotia nanga, chini kabisa ya milima ya Bugarama, mtu wa kwanza kujua habari zako hakuwa wewe. Alikuwa Fideli. Fideli alikuwa na kibanda chenye sola juu ya paa, na simu za mwalo mzima zilishinda kwake zikichajiwa. Ujumbe ukiingia kwenye simu yako, Fideli aliusoma. Hakuwa mwizi wala mchawi, maskini. Alikuwa mmoja wa watu wachache pale waliomaliza darasa la saba, na kuwasomea wenzake aliona ni sadaka kama sadaka nyingine. Ubaya wake ulikuwa mdomo. Kabla hujashuka kuifuata simu yako, habari zako zilikuwa zimeshavuka mto na kurudi.

"Mama Secilia!" alizoea kupaza sauti kutoka kibandani. "Yuster anasema jino limepona!"

Wanawake waliokuwa wakiparua samaki waliitikia kwa pamoja, "Afadhali! Mungu mkubwa!" Secilia, mwenye mtoto na mwenye simu, alikuwa wa mwisho kushukuru.

Huyo Yuster alikuwa kitindamimba wake. Alifika kidato cha nne, jambo ambalo pale mwaloni lilihesabiwa kama kufika mwezini, na sasa alikuwa Biharamulo mjini akishona nguo kwenye duka la mtu. Mama na mwana wangeweza kupigiana simu kama watu wengine, lakini bondeni kwa mto Ruvubu mtandao ni wa kubahatisha. Sauti hukatika kila baada ya neno, mkaishia kupigiana kelele za "haloo, haloo" mpaka salio linakwisha. Ujumbe wa maandishi ndio uliopenya. Na Secilia hakujua kusoma.

Tuseme kweli, hakuwa peke yake. Aliandikishwa shule kule mlimani akiwa mdogo, akakaa muhula mmoja, kisha mvua kubwa ikaja, njia ikaharibika, shangazi yake akamchukua kwenda kumsaidia kutega migono. Mgono ni kama kikapu kirefu chenye mdomo mpana na koo jembamba, samaki huingia na asijue pa kutokea. Secilia naye aliingia kwenye kazi ile namna hiyohiyo. Aliposhtuka alikuwa mke wa Rwekaza, mama wa watoto watano, kisha mjane, na mikono yake ilikuwa inasuka migono bila yeye kuitazama. Alikuwa mnene kiasi, mcheshi, mkali kwa mtu anayechafua maji, na alipenda kukaa mlangoni pake jioni miguu ameinyoosha. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, na bati alilolipata kwa samaki wa kukausha. Maji aliteka mtoni kama kila mtu, ndani ya uzio wa magogo uliojengwa ili mamba wasile watu. Mbu walikuwepo, matope yalikuwepo, zahanati ilikuwa mbali. Lakini ungemuuliza kama ana shida, angekuangalia kama mtu aliyeulizwa kama ana pua.

Shida moja alikuwa nayo, na aliijua siku ile alipokuwa ndani ya mafunjo, maji yakimfika kiunoni, akivuta migono. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita ng'ambo kwa mtumbwi akapunga kafi na kumwambia, "Pole sana, mama, pole na Yuster!" Akapita zake.

Pole na Yuster! Secilia aliuachia mgono ukaenda na maji. Hakumbuki alivyotoka mle mafunjoni. Alipanda ukingo akikimbia, kitenge kikimnasa miguuni, akilia kwa sauti, na kila aliyekutana naye alimwambia pole, pole, Mungu atampa mwingine. Alifika kibandani kwa Fideli akiwa hana pumzi. Kumbe Yuster alikuwa mzima wa afya. Alikuwa ameandika: "Mama, yule Aron ameoa mwingine. Naumia. Usimwambie mtu." Fideli alikuwa ameusoma ujumbe wote kwa sauti, pamoja na hayo maneno ya mwisho.

Secilia alikaa chini hapohapo kwenye vumbi. Alicheka kwanza, kwa kuwa mwanawe yu hai. Kisha akashikwa na hasira kali, na hasira yake haikuwa ya Fideli tu. Mtoto wake alikuwa analia huko mbali, amemnong'oneza mama yake, na mama ndiye aliyekuwa hana masikio.

"Nitajifunza," alimwambia binti yake mkubwa, Agness, jioni ile. "Ujumbe wa mwanangu nitausoma mwenyewe. Nikilia, nalia peke yangu. Nikicheka, nacheka peke yangu."

"Mama, na uzee huo?"

"Wewe ulimwona nani amekufa kwa kusoma?"

Bahati ikamkuta njiani. Masika ya mwaka ule yalikuja na nguvu, Ruvubu ukafura na kuwa mwekundu kama udongo wa kufinyangia, ukafunika maeneo ya kutegea. Wakati kama huo mitumbwi huvutwa juu na wavuvi hukaa tu, wakitengeneza nyavu na kugombana na wake zao. Ndipo mwalimu Tecla wa shule ya msingi ya kule mlimani alipotangaza kwamba atashuka kila alasiri kuwafundisha watu wazima, mpaka maji yatakapopungua. Hakufanya hivyo kwa wema mtupu. Alikuwa amechoka kuwaandikia wazazi barua za kuwaita shuleni, barua ambazo zilisomwa na watoto wenyewe, na watoto, kwa hekima yao, walisoma walichopenda.

Mahali pakubwa pasipovuja palikuwa pamoja tu: banda la kukaushia samaki. Likasafishwa, magogo yakapangwa yawe viti, na mwalimu akaleta vipande vya mbao vilivyopakwa masizi viwe vibao vya kuandikia. Siku ya kwanza aliuliza nani alifika darasa la ngapi. Mikono iliyoinuliwa kwa la saba ilihesabika upesi. Kwa la nne iliongezeka kidogo. Alipouliza nani hajakanyaga kabisa, banda lilijaa mikono, na watu wakaangaliana wakacheka, maana kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake.

Secilia aliipenda shule ile kwa upendo wa kitoto. Chaki aliishika kama kisu cha kuparulia, akibonyeza mpaka inakatika. Alichanganya b na d kila siku na kuzitukana kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Lakini siku aliposoma "maji" bila kusaidiwa, alisimama akaangalia nje, kule maji yenyewe yalikokuwa yakipita, akapiga makofi peke yake. Furaha ile hakuweza kuieleza. Alirudi nyumbani akisoma kila alichokutana nacho: mfuko wa saruji, fulana ya jirani, kopo la rangi.

Ikawa hivyo mpaka alasiri aliyoingia Kazimili.

Kazimili alikuwa mume wa Agness. Ni Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao, naye mwenyewe akauacha mkia wa ng'ombe akaufuata mto mpaka Nyarufunjo. Mtu mrefu, mpole, mchapakazi, asiyekunywa kupita kiasi. Secilia hakuwa na neno baya juu yake. Hakuwa pia na neno jema la kumwambia, kwa kuwa hakuwa amewahi kumwambia neno lolote. Ndivyo ilivyo desturi. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali mahali pamoja, hawatazamani usoni, wala hakuna anayelitaja jina la mwenzake. Kwa Wasukuma mambo ni hayohayo, hivyo wawili hawa wakawa pipa na mfuniko. Wakikutana njiani, Kazimili alitoka njiani akageuka kumpa mgongo. Mara moja alijitumbukiza kwenye tope mpaka magotini ili mama mkwe wake apite pakavu. Salamu zilibebwa na Agness, au na watoto. Tangu aoe, na sasa alikuwa na watoto wanne, hakuwahi kumpa Secilia shikamoo kwa kinywa chake.

Sasa fikiria alivyoinama mlangoni mwa banda siku ile, kibao kipya mkononi, na mbele yake, kwenye gogo la kwanza, amekaa mama mkwe. Secilia alijifunika kitenge uso mzima, akainuka, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea majivu, akipiga teke kopo la chaki. Kazimili naye aligeuka akakimbia kwa mlango wa mbele. Mwalimu Tecla, ambaye ni Mhaya wa Muleba na alidhani kuna nyoka, alipanda juu ya gogo. Darasa liliangua kicheko, na siku hiyo hakuna aliyejifunza kitu.

Kesho yake Secilia hakwenda. Aliwaza, Kazimili ni kijana, ana watoto, wavuvi wanataka kumchagua awe katibu wao na hawezi kuandika hata jina lake. Mimi mzee nisimzibie njia. Akakaa mlangoni akasuka mgono huku moyo unamuuma, akisikia sauti za wenzake zikiitika "sa, se, si" kutoka bandani. Siku ya pili hivyohivyo. Siku zikaenda, karibu wiki ikaisha. Kila jioni aliutazama mto, akaona maji bado yako juu, akajua siku za kusoma zinapita nje ya nyumba yake kama wageni wasiobisha hodi.

Agness ndiye aliyekuja mwishoni, mikono kiunoni.

"Mama, mbona huendi shule?"

"Nimemwachia mumeo."

Agness alimtazama, kisha akaegemea ukuta akacheka mpaka akashika tumbo. "Mume wangu? Mume wangu yuko nyumbani tangu siku ile, anashona nyavu zilizokwisha kushonwa. Anasema amekuachia wewe!"

Hiyo ndiyo hasara ya watu wawili wenye adabu. Gogo lilikaa tupu wiki nzima kwa sababu kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake.

Mzee Pius, jirani, ambaye hakukosa ushauri hata kwa jambo lisilomhusu, alisema dawa yake ni rahisi. Kazimili alete mbuzi, wazee wakae, mama mkwe na mkwe wale sahani moja, mwiko uishe. "Huko Ngara mjini," alisema, "siku hizi mkwe anakaa kochi moja na mama mkwe wanaangalia televisheni."

"Waangalie," alijibu Secilia. "Mimi heshima yangu hailiwi na mbuzi."

Hakuwa anaringa. Alikuwa mwanamke wa mwaloni, mjane, asiye na shamba kubwa wala cheo. Kwenye ofisi alisubirishwa, sokoni alipunjwa, zahanatini alifokewa na vijana. Hapa duniani palikuwa na mtu mmoja, mwanamume mzima mwenye nguvu zake, ambaye akimwona anakuja alitoka njiani akaingia topeni. Utamu wa jambo hilo hakutaka kuuuza kwa nyama ya siku moja. Lakini kusoma nako alikutaka, alikutaka kama mwenye kiu anavyotaka maji.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi akachukua mundu akaingia mafunjoni, akakata mzigo, akausambaza ukauke. Kisha akaanza kusuka mkeka. Haukuwa mkeka wa kulalia. Ulikuwa mrefu kuliko yeye na mpana kuanzia ukuta hadi karibu na ubao wa mwalimu. Alipoumaliza aliwaita vijana wakautundika katikati ya banda, kutoka boriti mpaka chini, akamwambia mwalimu Tecla, "Wewe simama hapo mwisho wa mkeka. Utatuona wote. Sisi hatutaonana. Yeye aingie kwa mlango wa mbele, mimi wa majivu."

Mwalimu alitaka kubisha, lakini alipomwona yule mama alivyosimama, akaacha.

Darasa likagawanyika. Upande mmoja ukaitwa kwa mama, upande mwingine kwa mkwe, na watu wakachagua pa kukaa kwa udugu, kwa urafiki na kwa utani. Kukatokea mashindano. Upande mmoja ukisoma sentensi, wa pili unataka ndefu zaidi. Fideli, ambaye hakuwa na haja ya kujifunza, alikuja kila siku kuangalia, na alilalamika kwamba mkeka unamzuia kuona vizuri.

Tatizo ni kwamba wale wawili wenyewe hawakufungua vinywa. Kazimili aliona aibu kukwama kwenye "ba, be" huku mama mkwe anasikia. Secilia aliona aibu ileile. Mwalimu akiuliza upande huu, Secilia ananong'ona. Akiuliza upande ule, Kazimili anakohoa. Mkeka uliziba macho, masikio haukuyaziba.

Siku moja mwalimu alimkalia kooni Kazimili asome neno lililokuwa ubaoni. Alianza, akakwama, akaanza tena, akakwama. Hata wasiohusika wakaanza kusogeasogea kwenye magogo. Secilia nyuma ya mkeka alikuwa analiona lile neno, na alilijua. Ilimwasha. Kumjibu mkwe, mwiko. Kumwacha aaibike mbele ya watu, hilo nalo moyo ulikataa.

"Mwalimu," alisema kwa sauti, akitazama ukuta, "huku upande wetu neno hilo tunalisoma 'nyavu'."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi ndefu. Kisha sauti ya Kazimili, polepole: "Mwalimu, huku nasi tumeliona. Ni 'nyavu'. Tunawashukuru walioko huko."

Kuanzia siku ile wakafundishana kupitia kwa mwalimu, kama watu wawili wanaopitishiana moto kwa kijiti. Mwalimu, waambie walioko huko wasisahau kituo. Mwalimu, waulize walioko huko b inaangalia wapi. Tecla alikuwa akigeuza shingo kushoto na kulia mpaka alisema atadai mshahara wa wawili. Lakini alikuwa anacheka, na wote wawili walikuwa wanasonga mbele kuliko wengine.

Sasa kuna jambo la samaki, ambalo Secilia alikuwa amelificha muda wote wa ndoa ya Agness. Kazimili alimheshimu mama mkwe wake kwa tope, na zaidi ya hapo alimheshimu kwa kambare. Kila alipopata kambare mkubwa, yule bora kuliko wote, alimkausha vizuri, akamfunga kwenye jani la mgomba, akamtuma mtoto. "Mpelekee bibi." Na kambare, kwenye ukoo aliozaliwa Secilia, ni mwiko. Hawamli tangu mababu. Agness alifuata ukoo wa baba yake, alikula bila wasiwasi, na mara ya kwanza alitaka kumwambia mumewe. Secilia alimkataza kabisa. Zawadi ya mkwe haikosolewi. Basi kambare alipokewa kwa vigelegele, mtoto akarudishwa na shukrani nyingi, na giza likiingia kambare alivuka ua kwenda kwa mzee Pius. Mzee Pius alinawiri. Mwalo wote ulijua, isipokuwa Kazimili.

Maji yalipoanza kushuka, mwalimu Tecla aliwapa kazi ya mwisho. Kila mtu aandike kwenye kibao chake sentensi moja ya kweli kuhusu yeye mwenyewe, bila jina. Atavikusanya, atavichanganya, atavigawa upya, kila mmoja asome cha mwenzake kwa sauti. Secilia aliinamia kibao. Jambo la kweli kuhusu mimi, aliwaza. Alitaka kuandika kuhusu Yuster, maneno yakawa mengi mno. Alitaka kuandika kuhusu migono, akaona kila mtu anaijua. Mkono ukaandika wenyewe kile ambacho mdomo ulikuwa umekibana miaka yote. Alikuwa na furaha ya kuona sentensi imenyooka, hakufikiria kibao kitakwenda wapi.

Kilikwenda upande wa pili. Kilimwangukia Kazimili.

"Mi-mi," alisoma Kazimili, na sauti yake sasa ilikuwa na nguvu. "Mimi si-li. Mimi sili ka-mba-re. Mimi sili kambare." Akafurahi kwamba ameimaliza. "Mwalimu, huyu ni nani asiyejua utamu wa dunia?"

Upande wa mkwe walitazama chini. Upande wa mama walitazama juu. Ndipo mzee Pius, aliyekuwa kwenye gogo la nyuma, alikohoa kikohozi kimoja cha mtu aliyeona njaa inamjia, na darasa zima likapasuka kwa kicheko. Mwalimu peke yake ndiye aliyeuliza kuna nini. Secilia alijifunika kitenge. Alisikia kibao kikiwekwa chini taratibu, na hatua zikitoka kwa mlango wa mbele.

Asubuhi yake mto ulikuwa umerudi ndani ya kingo zake. Mitumbwi ilishushwa, na Kazimili alikwenda na wenzake kwenye kambi za juu, mbali, huko ambako wavuvi hulala vibandani mpaka samaki wapungue. Shule ikafungwa. Mwalimu Tecla aliwapa mkono mmoja mmoja akasema wamemfurahisha, na mkeka ukaviringishwa.

Secilia hakuwa na raha. "Alisema nini?" alimuuliza Agness.

"Alikaa jikoni, halafu akauliza, 'Tangu lini?' Nikamwambia, tangu mama azaliwe."

"Halafu?"

"Akaenda kulala."

Jamani, adabu ya miaka yote ameibomoa kwa chaki! Hakuwahi kumtazama machoni, hakuwahi kumtaja, na sasa amemfanya achekwe mbele ya wanaume wenzake. Alijilaumu. Afadhali angeandika kuhusu migono. Hata kusoma kwenyewe kukaanza kumchachia. Simu aliipeleka kwa Fideli kama kawaida, kwa amri moja tu: asiifungue. Fideli aliahidi, kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa kazi.

Siku moja alipokuwa anageuza samaki juu ya moto, Fideli aliita. "Mama Secilia! Umeingia! Nisome?"

"Thubutu!"

Alishuka akiwa bado na majivu mikononi. Fideli alimkabidhi simu, shingo ameinyoosha kama kuku anayetazama ndani ya kinu. Secilia hakusimama pale. Alipanda kilima, njia ya kwenda shuleni, mpaka mahali ambapo mtandao unashika vizuri na hakuna mtu. Akaketi kwenye majani, akabonyeza kama Yuster alivyowahi kumwonyesha siku alipomwekea majina na namba za ndugu wote. Alitarajia kuona Yuster. Jina lililoandikwa lilianza na K.

Alilisoma kimoyomoyo, maana kulitaja hawezi, na kusoma kimoyomoyo wazee hawakukukataza. Kazimili. Akasogeza kidole kwenye kioo, silabi kwa silabi, akirudi nyuma kila alipokosea.

Shikamoo mama. Nisamehe kambare. Unakula samaki gani?

Aliusoma mara ya pili, kisha akarudi kwenye neno la kwanza akakaa hapo. Shikamoo. Miaka yote ile, watoto wanne, tope mpaka magotini, na shikamoo yake haikuwahi kupata njia ya kupita. Wazee waliweka mwiko kwenye macho, kwenye ulimi na kwenye sahani. Kwenye simu hawakuweka kitu. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwani pale juu alikuwa peke yake kama alivyotaka. Kisha alicheka, naye alicheka peke yake.

Kuandika kulimchukua muda mrefu. Kidole kilikuwa kinene, vitufe vidogo, na mara mbili alifuta vyote akaanza upya. Jua lilihama kutoka bega hili hadi lile. Alipomaliza aliusoma kwanza, kuhakikisha hakuna herufi iliyogeuka: Marahaba mwanangu. Nakula ningu. Akabonyeza, ukaenda kwenye kambi za juu.

Alipokuwa anashuka, akijipangusa majani kwenye kitenge, Fideli alikuwa amesimama nje ya kibanda, na nyuma yake wanawake wote wa kuparua samaki, visu vikiwa vimesimama hewani.

"Mama Secilia!" alipaza sauti. "Habari gani hizo?"

"Zangu," alijibu Secilia, akapita.